Dhamana Kabla ya Hukumu: Kutoka Machimbo ya Chatra hadi Kisutu

Kwa miaka mingi, lori la makaa ya mawe halikutoka machimboni Chatra bila mtu kulipwa pembeni. Chatra ni wilaya ya jimbo la Jharkhand, mashariki mwa India, na machimbo yake mawili makubwa, Amrapali na Magadh, ni mali ya Central Coalfields, kampuni ya umma. Kampuni huchimba, wachukuzi binafsi hubeba. Katikati walikaa watu wa Tritiya Prastuti Committee, kundi lililojimega kutoka kwa waasi wa Kimao, wakidai fungu lao kwa kila tani. Wenyewe waliliita ushuru. Mchukuzi aliyegoma kulipa alijua kwamba lori linaweza kuteketezwa, au dereva asirudi kwake jioni.

Mwaka 2016 polisi wa Tandwa, wilayani humo, walifungua jalada juu ya tozo hizo. Mwaka 2018 jalada likachukuliwa na NIA, shirika la taifa la upelelezi wa ugaidi. Orodha ya washtakiwa ikarefuka, mpaka ikamfikia mfanyabiashara mmoja wa kusafirisha makaa, aliyetiwa mbaroni Januari 2020. Nyumbani kwake zilikutwa rupia 995,000, fedha ambazo alisema amezitoa benki kwa ajili ya mishahara ya wafanyakazi. Upande wa mashtaka ulisema mtu huyu alilipa kundi la kigaidi na alikutana na viongozi wake, kwa hiyo alifadhili ugaidi. Mahakama maalumu ya Ranchi ikamnyima dhamana. Akakata rufaa Mahakama Kuu ya Jharkhand, ikamnyima vilevile. Akapanda mpaka Mahakama ya Juu mjini Delhi.

Kesi ya namna hii ina maswali mawili. La kwanza ni kama anayetoa fedha huku ameshikiwa bunduki ni mfadhili au ni mwathirika. La pili ni wapi akae wakati la kwanza linatafutiwa jibu, na jibu lenyewe huenda likachukua miaka kumi. Wanasheria hupenda la kwanza kwa sababu lina utamu wa hoja. Mshtakiwa na familia yake wanaishi na la pili, na hilo ndilo lililozaa historia ndefu ya rufaa za dhamana, kuanzia Uingereza ya kale, kupitia India ya kikoloni, mpaka kwenye korido za mahakama zetu.

Chanzo cha maandishi ni mwaka 1275, Bunge la Uingereza lilipotunga Sheria ya Westminster ya kwanza. Masherifu wa majimbo walikuwa wakiwaachia watu na kuwashikilia watu kwa hongo, na sheria ile ikagawa makosa mafungu mawili, yenye dhamana na yasiyo na dhamana. Wazo hilo la orodha halijafa. Mwaka 1689, baada ya wafalme kugundua kwamba unaweza kumtajia mtu dhamana kubwa kiasi kwamba ni sawa na kumnyima, Tangazo la Haki likapiga marufuku dhamana ya kupindukia. Waingereza walipojijengea dola India walibeba yote mawili, orodha na haki. Wakaongeza la tatu ambalo kwao nyumbani wasingelithubutu kirahisi. Kanuni ya Tatu ya Bengal ya mwaka 1818 iliruhusu serikali kumweka mtu kizuizini bila mashtaka, kwa sababu za usalama wa dola. Mwaka 1919 ikafuata Sheria ya Rowlatt iliyoendeleza mamlaka ya vita wakati wa amani, na hasira dhidi yake ndiyo iliyoujaza uwanja wa Jallianwala Bagh siku ile ya Aprili 13 jeshi lilipofyatulia umati risasi.

Hata hivyo, majaji wa kikoloni hawakuwa wote wa rangi moja. Machi 1929 polisi waliwakamata viongozi wa vyama vya wafanyakazi katika miji mbalimbali ya India na kuwapeleka Meerut, kujibu shtaka la kula njama ya kumnyang'anya mfalme mamlaka yake India. Kesi ilijikokota mpaka Januari 1933. Katikati yake, mwaka 1931, ombi la dhamana la mshtakiwa mmoja, Lester Hutchinson, mwandishi wa habari Mwingereza, lilifika Mahakama Kuu ya Allahabad. Mahakama ikasema kwamba kutoa dhamana ndiyo kawaida, na kuinyima ni jambo la nadra linalotaka sababu. Jambo hilo lilisemwa ndani ya kesi ya njama dhidi ya dola, kesi ya ugaidi ya zama zake, na mahakama ya watawala wenyewe. Wanaodai leo kwamba kesi nzito za usalama haziwezi kuendeshwa washtakiwa wakiwa nje, wajibu kwanza hoja ya Allahabad.

Baada ya uhuru kauli hiyo ilipata mtetezi mahiri, Jaji V. R. Krishna Iyer wa Mahakama ya Juu. Mwaka 1977 aliifupisha kanuni ya dhamana mpaka ikawa msemo unaorudiwa na kila wakili wa India: dhamana, si jela. Mwaka uliofuata akakutana na shauri la fundi mwashi ambaye hakimu alimtaka mdhamini wa rupia 10,000, kisha akamkataa mdhamini aliyeletwa kwa sababu mali zake ziko wilaya nyingine. Jaji aliuliza ni haki gani hii ambayo maskini anaipata kwenye karatasi na kuikosa mlangoni. Mwaka 1979 mahakama hiyohiyo ilikuta katika magereza ya Bihar mahabusu waliokaa muda mrefu kuliko adhabu ya juu kabisa ya makosa waliyoshtakiwa. Jharkhand ya leo, yenye machimbo yetu ya Chatra, ilikuwa wakati huo sehemu ya Bihar. Ilimegwa mwaka 2000.

Enzi hiyo ya matumaini haikudumu. Uasi wa Punjab ulizaa sheria ya kupambana na ugaidi, TADA, mwaka 1985, ikaimarishwa mwaka 1987. Ilimtaka jaji, kabla ya kutoa dhamana, aridhike kwamba kuna sababu za kuamini mshtakiwa hana hatia. Soma tena sharti hilo. Mtu ambaye kesi yake haijaanza anatakiwa kuonekana hana kosa ili aende nyumbani kujiandaa kujitetea. Mahakama ya Juu iliibariki TADA mwaka 1994, na mwaka uliofuata Bunge likaiacha ife baada ya malalamiko kuzidi.

Sharti lake, hata hivyo, lilihamia Mumbai. Miaka ya tisini magenge ya jiji hilo yalikuwa yakiwatoza kwa vitisho wajenzi, wenye mahoteli na watengeneza filamu. Simu inapigwa kutoka ng'ambo, kiasi kinatajwa, na asiyelipa anasubiri risasi. Agosti 1997 Gulshan Kumar, mwenye kampuni ya muziki ya T-Series, aliuawa mchana kweupe nje ya hekalu. Mwaka 1999 jimbo la Maharashtra likatunga sheria ya uhalifu wa kupangwa, MCOCA, na ndani yake likapachika masharti ya dhamana yanayofanana na yale ya TADA. Sheria ilitungwa kuwalinda wanaotozwa. Januari 2001 ikamnasa Bharat Shah, tajiri wa almasi na mfadhili wa filamu, kuhusiana na filamu ya Chori Chori Chupke Chupke, ambayo wapenzi wa sinema za Kihindi katika pwani yetu watakuwa wanaikumbuka kwa nyimbo zake. Polisi walisema fedha za filamu zilikuwa za jambazi Chhota Shakeel. Shah akakaa mahabusu zaidi ya mwaka. Hukumu ya mwaka 2003 ilimkuta na kosa moja tu, la kutowaarifu polisi alichokuwa anakijua, na akapewa kifungo cha mwaka mmoja. Alikuwa ameshakimaliza kabla hakijatamkwa.

Kisha dunia nzima ikabadilika. Desemba 1999 Umoja wa Mataifa ulikuwa umepitisha mkataba wa kuzuia ufadhili wa ugaidi, na nchi nyingi hazikuwa na haraka nao. Baada ya Septemba 11, 2001 haraka ikaja. Azimio namba 1373 la Baraza la Usalama, la Septemba 28 mwaka huo, lililazimisha kila nchi kufanya ufadhili wa ugaidi kuwa jinai. Mantiki yake ilieleweka: mabomu hununuliwa, na anayekata fedha anakata mabomu. Lakini fedha haina sura. Noti aliyotoa muumini wa itikadi na noti iliyotolewa kwa kuogopa kuchomewa lori zinafika mfuko uleule, na waliotunga sheria hizi duniani kote hawakujisumbua sana kuzitenganisha.

India ilijaribu sheria nyingine ya ugaidi, POTA, mwaka 2002, ikaifuta mwaka 2004, kisha ikahamishia vifungu vya ugaidi katika sheria ya zamani ya 1967 ya kuzuia shughuli haramu, maarufu kwa herufi UAPA. Novemba 2008 wavamizi waliingia Mumbai kwa bahari na kuua zaidi ya watu 160. Mwezi uliofuata Bunge lilipitisha mambo mawili kwa pamoja. Moja lilikuwa kuundwa kwa NIA. La pili lilikuwa kifungu kipya cha UAPA, 43D, ambacho kijifungu chake cha tano ndicho kinachotawala rufaa zote tunazozizungumzia.

Kijifungu hicho kinafanya kazi hivi. Jaji anapewa shajara ya upelelezi na taarifa ya polisi. Akiona kuna sababu za kuamini kwamba tuhuma, kwa mtazamo wa awali, ni za kweli, basi hana ruhusa ya kutoa dhamana. Hakuna nafasi ya kuuliza kama mshtakiwa atatoroka, kama ni mgonjwa, kama ana watoto. Upelelezi unaweza kuchukua siku 180 badala ya 90. Dhamana ya kujihami kabla ya kukamatwa haipo. Na kwa kuwa kesi ni ya NIA, uamuzi wa dhamana wa mahakama maalumu haurudiwi kwa ombi jipya kama ilivyo katika jinai za kawaida. Unakatiwa rufaa Mahakama Kuu, mbele ya majaji wawili, na sheria inaomba rufaa hiyo iishe ndani ya miezi mitatu, ikiwezekana. Neno "ikiwezekana" limemeza miaka ya watu wengi.

Rufaa kubwa ya kwanza juu ya kifungu hicho ilitoka Kashmir. Zahoor Ahmad Shah Watali, mfanyabiashara mashuhuri wa huko, alikamatwa Agosti 2017 akidaiwa kupitisha fedha kwa viongozi wanaotaka kujitenga. Septemba 2018 Mahakama Kuu ya Delhi ilimpa dhamana. Majaji walikuwa wameupitia ushahidi kwa makini, ikiwemo karatasi iliyokutwa kwa mhasibu ikiorodhesha mapokezi ya fedha, wakasema ni karatasi isiyojalidiwa tu, si kitabu cha hesabu kinachoandikwa kwa utaratibu, na haiwezi kusimama peke yake. Huo ulikuwa uchambuzi mzuri wa kisheria. Aprili 2, 2019 Mahakama ya Juu ikautengua. Ilisema hatua ya dhamana si mahali pa kupima ushahidi kwa mizani. Jaji achukue nyaraka zote kama zilivyo, azione kwa ujumla wake, na kama zinaunga mkono tuhuma, mlango ufungwe.

Ukiniuliza, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kifungu chenyewe kilikuwa kigumu, lakini kilimtaka jaji awe na sababu za kuamini. Uamuzi wa Watali uliwafanya majaji wa chini waone usalama wao uko katika kutochunguza. Kama polisi wameandika simulizi iliyokamilika, na hakuna polisi asiyeweza kuandika simulizi iliyokamilika, ombi linakufa. Rufaa ikawa kusoma jalada la upande mmoja mara ya pili.

Aliyeathirika kwa namna iliyowashtua watu hakuwa tajiri wa Kashmir. Stan Swamy alikuwa padri Mjesuiti aliyewatetea kwa miongo kadhaa watu wa makabila ya asili ya Jharkhand, wakiwemo vijana waliosota mahabusu wakituhumiwa Umao. Oktoba 2020 NIA ilimchukua Ranchi, akiwa na umri wa miaka 83 na ugonjwa wa Parkinson, ikamuunganisha na kesi ya ghasia za Bhima Koregaon, Maharashtra. Mikono ilikuwa ikimtetemeka kiasi cha kushindwa kushika kikombe, na wiki kadhaa zilipita katika mabishano ya kumpatia chombo chenye mrija. Mahakama maalumu ilimkatalia dhamana. Julai 5, 2021 rufaa yake ilipoitwa mbele ya Mahakama Kuu ya Bombay, daktari aliwaarifu majaji kwamba mwombaji amefariki siku hiyo. Kesi yake ilikuwa haijaanza kusikilizwa.

Miezi michache kabla ya kifo hicho, Mahakama ya Juu ilikuwa imeanza kujirekebisha. Februari 1, 2021, majaji watatu waliamua shauri la Najeeb kutoka Kerala, aliyehusishwa na kukatwa mkono kwa mwalimu wa chuo mwaka 2010. Alikuwa ameshakaa ndani zaidi ya miaka mitano na mashahidi 276 walikuwa bado hawajahojiwa. Majaji hawakukigusa kifungu cha 43D. Walisema tu kwamba kifungu hicho hakiwezi kuifuta haki ya kikatiba ya kesi kusikilizwa kwa haraka. Ikiwa dola haina uwezo wa kumaliza kesi, haina haki ya kumweka mtu ndani mpaka itakapoweza.

Aprili 9 mwaka huohuo, zamu ya mchukuzi wetu wa makaa ikafika. Majaji L. Nageswara Rao na S. Ravindra Bhat walilipitia jalada, wakaona kwamba kwa maelezo ya upande wa mashtaka wenyewe mtu huyu alilipa ili biashara yake iendelee, na alikutana na viongozi wa kundi kwa ajili ya malipo hayo. Wakasema kulipa fedha za kutozwa kwa vitisho si kufadhili ugaidi. Dhamana ikatolewa. Uamuzi ni mfupi, na kwa maoni yangu uzito wake haumo hasa katika kauli hiyo. Upo katika kitendo cha majaji kusoma. Walifanya kile ambacho uamuzi wa Watali ulionekana kukikataza: walilifungua jalada na kuuliza kama tuhuma, hata zikichukuliwa kuwa kweli zote, zinafikia kosa lililoandikwa juu ya hati ya mashtaka.

Haya ya kulipa chini ya vitisho hayawapati wachukuzi wa Jharkhand peke yao. Chiquita, kampuni ya ndizi ya Marekani, ilikiri mwaka 2007 kwamba iliwalipa wanamgambo wa Kolombia dola milioni 1.7, ikijitetea kuwa ililazimishwa kulinda wafanyakazi wake. Ikatozwa faini ya dola milioni 25. Lafarge, kampuni ya saruji ya Ufaransa, ilikiri mahakamani New York mwaka 2022 kuwalipa wapiganaji wa Dola ya Kiislamu ili kiwanda chake cha Syria kiendelee kufanya kazi, ikalipa karibu dola milioni 778. Katika shauri la Chiquita hakuna mkurugenzi aliyeshtakiwa huko Marekani, sembuse kulala rumande. Mwenye malori wa Chatra alikaa ndani zaidi ya mwaka kabla mtu hajamuuliza swali kizimbani. Jirani zetu Somalia, Al-Shabaab waliwatoza ushuru wauza makaa ya miti waliokuwa wakisafirisha shehena kwenda Ghuba kupitia Kismayu, na Baraza la Usalama lilipiga marufuku biashara hiyo Februari 2012. Dereva anayevuka vizuizi vya kundi hilo leo hana namna ya kupita bila kulipa. Akifika upande wa pili wa mpaka, sheria ya nchi yoyote ya ukanda huu inaweza kumwita mfadhili.

Tangu 2021 Mahakama ya Juu ya India imekuwa ikivutana yenyewe kwa yenyewe. Julai 2023 iliwapa dhamana washtakiwa wawili wa Bhima Koregaon, ikisema jaji lazima apime japo kwa juu juu thamani ya ushahidi. Februari 2024, katika kesi ya Punjab iliyogusa pia ufadhili kutoka nje, jopo jingine likasema kwamba chini ya UAPA jela ndiyo kawaida na dhamana ndiyo nadra. Agosti 2024 jopo la tatu likarudi kwenye kauli ya zamani, kwamba dhamana ni kawaida hata kwa sheria maalumu, masharti yake yakitimizwa. Hatima ya mwombaji sasa inategemea ni majaji gani wamepangiwa faili lake. Hilo si jambo la kuisifia mahakama yoyote. Hata hivyo mlango wa kubisha upo, na katika kila rufaa jaji wa India analazimika kuandika sababu.

Nasema hivyo nikiitazama Tanzania. Tulianza njia moja na India. Amri ya Malkia ya mwaka 1897 iliingiza sheria za jinai za India, pamoja na utaratibu wake, katika Himaya ya Afrika Mashariki, na Tanganyika nayo ilizitumia baada ya Wajerumani kuondoka, mpaka zilipotungwa sheria mpya za mwaka 1930. Rupia ilipita, sheria ya ushahidi ya India ilibaki kwetu mpaka 1967. Tuliporithi orodha ya makosa yasiyo na dhamana tuliirefusha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 iliiweka katika kifungu cha 148(5), na baada ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, iliyozaliwa kutokana na milipuko ya Agosti 7, 1998 Dar es Salaam na Nairobi na msukumo wa Azimio 1373, ugaidi ukaongezwa humo. Utakatishaji fedha ukafuata.

Tofauti na India ni hii. Kule jaji anafungua jalada na kujiridhisha. Hapa hakimu wa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, anasoma kifungu kilichotajwa kwenye hati ya mashtaka, anasema kosa halina dhamana na mahakama yake haina mamlaka, basi. Wakili wa serikali anasema upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa, basi la mahabusu linarudi gereza la Segerea au Ukonga. Baada ya siku kumi na nne, maneno ni yaleyale. Anayeamua kama mtu atalala kwake ni mwandishi wa hati ya mashtaka.

Majaji wetu walijaribu. Jaji James Mwalusanya, akiwa Mwanza, alikitangaza kipengele kimoja cha kifungu hicho kuwa batili katika shauri la Daudi Pete, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubaliana naye. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani iliondoa mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) ya kuzuia dhamana kwa hati tu, katika shauri la Mtobesya. Mei 2020 Mahakama Kuu ikaenda mbali zaidi, ikakitangaza kifungu chote cha 148(5) kuwa kinyume cha Katiba, katika shauri la Dickson Sanga. Furaha ya mawakili haikufika miezi mitatu. Agosti 5, 2020 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo.

Kenya ilichukua njia nyingine. Katiba ya 2010, ibara ya 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya bondi au dhamana kwa masharti ya haki, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Wimbi la mashambulizi lilipoifikisha nchi mwisho wa 2014 katika hofu kubwa, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama, yaliyoruhusu amri ya dhamana kusimamishwa kwa hadi siku 14 upande wa mashtaka ukitaka kuipinga juu. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walikifuta kifungu hicho. Washukiwa wa ugaidi Kenya wananyimwa dhamana mara nyingi tu, lakini kwa sababu zinazoandikwa na zinazoweza kukatiwa rufaa. Kuhusu Uganda sitasema mengi: Novemba 16, 2005 Mahakama Kuu mjini Kampala ilipowapa dhamana washtakiwa wenza wa Kizza Besigye, watu wenye silaha na mavazi meusi waliizingira mahakama, na waliopewa dhamana wakarudishwa gerezani.

Tukirudi nyumbani, shinikizo la nje nalo lipo: Dar es Salaam ndiyo makao ya ESAAMLG, umoja wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika wa kupambana na fedha chafu na ufadhili wa ugaidi. Tanzania iliwekwa katika orodha ya kijivu ya shirika la kimataifa la FATF Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025. Wakaguzi wa mfumo huo hutazama kama nchi inapeleleza na kushtaki wafadhili wa ugaidi. Urefu wa muda ambao washtakiwa hao walikaa mahabusu si kipimo chao kikuu. Waziri yeyote wa fedha atajua ajibu swali lipi kwanza.

Mashekhe wa jumuiya ya Uamsho kutoka Zanzibar walikaa magereza ya Bara kwa mashtaka ya ugaidi miaka mingi, mpaka DPP alipoyafuta Juni 2021. Mwezi uliofuata alikamatwa Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, akashtakiwa kwa makosa ya ugaidi, ikiwemo kufadhili. Februari 2022 Mahakama Kuu ilisema ana kesi ya kujibu, Machi 4 DPP akaliondoa shauri. Siku 226 zilikuwa zimepita, bila dhamana na bila hukumu. Aliyekuwa na hatia na asiyekuwa nayo katika mashauri haya mawili hatutamjua kamwe kupitia mahakama.

Mahakama ya Rufani imeshasema lake, na kwa sasa kazi imebaki Dodoma. Wabunge hawahitaji kuuondoa ugaidi katika makosa mazito. Wanachotakiwa kufanya ni kuandika sentensi moja: kwamba jaji wa Mahakama Kuu, katika kosa lolote, awe na mamlaka ya kulisoma jalada na kuamua dhamana kwa sababu zilizoandikwa, na uamuzi huo ukatiwe rufaa na upande wowote. Mbunge wako akirudi jimboni, muulize kama atauleta muswada huo.